Amechoka au Amechoshwa? Uchovu wa Mwalimu katika Sarufi na Fasihi ya Kiswahili

Katika vyumba vya walimu humu nchini, hasa katika majuma ya mwisho ya muhula, husikika kauli mbili ambazo wengi wetu huzichukulia kuwa moja. Ya kwanza ni "nimechoka". Ya pili ni "nimechoshwa". Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba zimetenganishwa na usababishi na kutendwa, na pengine ataona kuwa hiyo ni tofauti ndogo isiyostahili makala nzima. Makala haya yanashikilia kinyume. Yanadai kwamba tofauti hiyo ndiyo kiini cha namna tunavyoizungumzia hali ya walimu wetu, namna tunavyomhukumu mwalimu katika fasihi tunayoifundisha, na namna sisi wenyewe, ambao wengi wetu tutaishia mbele ya ubao, tutakavyojihukumu siku nguvu zitakapotupungukia.

Kwanza tubainishe tunachokizungumzia. Si uchovu wa jioni unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Ni ule unaobakia hata baada ya likizo. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika kliniki ya bure jijini New York, aliuandikia makala mwaka 1974 na kuupa jina la Kiingereza lenye taswira ya kitu kilichoungua kikaisha. Taswira hiyo haikuwa ngeni katika fasihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza Graham Greene alikuwa amechapisha riwaya iitwayo A Burnt-Out Case, ambayo mandhari yake ni kituo cha wagonjwa wa ukoma nchini Kongo. Humo, anayeitwa kwa jina hilo ni mgonjwa ambaye ukoma umemtafuna hadi ukaishiwa na cha kutafuna: amepona, lakini vidole hana. Sijui taswira inayomfaa mwalimu wa namna tunayemzungumzia kuliko hii. Yuko kazini, hana homa, hana cheti cha daktari, na bado kuna kitu ambacho hakitarudi.

Mtafiti Christina Maslach, akishirikiana na Susan Jackson, alitoa mwaka 1981 kipimo cha hali hiyo chenye nguzo tatu. Shirika la Afya Duniani nalo liliieleza mwaka 2019, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Nguzo zenyewe, kwa Kiswahili chepesi, ni kuchoka, kukinai na kujiona hufai. Ya katikati ndiyo yenye kuhitaji kutazamwa. Kitenzi "kinai" tunakitumia kwa chakula: hukinai mtu aliyekula, si aliyekataa sahani tangu mwanzo. Mwalimu aliyekinai basi ni mtu aliyewahi kuipenda kazi hii. Mzembe hakinai. Hana alichokula.

Mnyambuliko wa kosa

Turudi kwenye kitenzi. Mzizi wa "choka" ni -chok-, na ile "k" ya mwisho si kiambishi cha kutendeka kama ilivyo katika "vunjika". Ni sehemu ya mzizi. Katika usababishi "k" hiyo hugeuka "sh", sawa na waka na washa, chemka na chemsha, anguka na angusha. Tukiongeza kutendwa tunapata "choshwa". Hayo ni masomo ya mwaka wa kwanza. Lisilosemwa sana darasani ni athari yake katika maana. "Choka" ni kitenzi si elekezi ambacho hakina nafasi ya mtenda: anayechoka ndiye kiima na ndiye pia mwenye hali. Ukisema "mwalimu amechoka", sentensi imekamilika, na hakuna anayelazimika kuuliza ni nani aliyefanya nini. Ukisema "mwalimu amechoshwa", sikio la msemaji wa Kiswahili hubaki likingoja "na". Na nini? Na nani? Sarufi yenyewe inadai ushahidi.

Msamiati wetu wa hali hii, kwa bahati mbaya, umeegemea upande wa kwanza. Mwalimu amenyong'onyea, amefadhaika, amechakaa, amekata tamaa, amekufa moyo. Vyote hivi humwacha peke yake katika sentensi. Hata istilahi iliyoshika mizizi katika vyombo vya habari, "msongo wa mawazo", ina mtego ndani yake. Nomino "msongo" imetokana na "songa", kitenzi elekezi, kwa hiyo tungetarajia kupata mtenda. Naye yupo, ila ni mawazo! Kinachomsonga mwalimu, kwa mujibu wa istilahi hii, si wingi wa vipindi, si mshahara uliochelewa, wala si darasa lililofurika. Ni mawazo yake mwenyewe. Na dawa ya mawazo mabaya ni nini kama si kuwaza vyema? Ndiyo sababu semina nyingi za kuwaliwaza walimu huishia kuwafunza kupumua polepole. Sibezi kupumua. Ila "shinikizo la kazi" lingekuwa jina la haki zaidi, maana hapo anayeshinikiza ametajwa.

Upande wa nahau na methali mizani imelala vivyo hivyo. Tumefunzwa kupiga moyo konde, kujikaza kisabuni, kujifunga kibwebwe. Mvumilivu hula mbivu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga. Hata hivyo, wahenga hawakuwa wa upande mmoja. Ngoma ikilia sana, walisema, haikawii kupasuka. Tena kuna ile ninayoiona kuwa uchambuzi kamili wa suala letu katika maneno machache: bandu bandu huisha gogo. Taswira ya Kiingereza ni ya moto, na moto huwaka wenyewe, huzimika wenyewe. Gogo halijibandui. Panapobanduliwa pana shoka, na penye shoka pana mkono. Isitoshe, hakuna pigo moja linaloweza kushtakiwa kuwa ndilo lililolimaliza, na hapo ndipo palipo ugumu wa mwalimu anapotakiwa aeleze ni lini hasa alianza kuharibikiwa.

Wito na mshumaa

Hatuwezi kuipita sifa kuu anayopewa mwalimu, yaani kwamba ualimu ni wito. Neno "mwalimu" tulilitwaa kutoka Kiarabu, na katika pwani yetu lilimhusu kwanza mwenye chuo, aliyewafunza watoto Kurani na kupokea ada ndogo na zawadi za wazazi. Bara, katika vituo vya wamishenari, mwalimu alikuwa mara nyingi ndiye pia katekista. Pande zote mbili kazi hii ilizaliwa ndani ya ibada, na malipo yake makubwa yalikuwa heshima. Heshima hiyo haikuwa bure: mwalimu alikuwa mshauri wa kijiji, mwandishi wa barua za watu, msuluhishi wa ndoa. Neno "wito" basi lilikuwa na maana kamili wakati jamii ilipokuwa ikilipa kwa sarafu yake.

Leo sarafu hiyo imepungua thamani, lakini neno limebaki, na limepata kazi mpya. Anayeitwa hawezi kuuliza saa za kazi. Anayedai malipo huonekana kama aliyeitwa kimakosa. Chama cha KNUT kiliasisiwa mwaka 1957, na tangu hapo kila mgomo mkubwa, uwe ule wa 1997 uliozaa makubaliano ya nyongeza ambayo serikali haikuyatimiza ilivyoahidi, au ule wa 2015 uliofunga shule kwa muda wa majuma matano hivi, umekutana na lawama ile ile: je, wito uko wapi? Sioni kwamba tulitupe neno hili. Nashauri tu kwamba mwalimu mwanafunzi anapolitumia katika hotuba au katika insha ajiulize ni nani aliyeita, na alimwahidi nini aliyeitwa.

Mshumaa ni ndugu wa wito. Katika mashairi ya tamasha za shule hausahauliki: mwalimu ni mshumaa unaowaangazia wengine huku ukiteketea. Tumeusifu mshumaa kwa miaka mingi bila kutambua kwamba tunasifu kuteketea. Huo ni utamkaji wa ajabu, kumpigia mtu makofi kwa kuwa anaisha.

Rundo la insha

Ili hoja isibaki hewani, tutazame meza ya mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili. Katika mtihani wa KCSE somo letu lilijengwa juu ya karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Ya kwanza ilimtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Kumwandaa mwanafunzi kwa karatasi hiyo hakuna njia nyingine ila aandike, na akiandika, isomwe. Kusoma huko si kutia alama ya vyema na kuendelea. Ni kupigia mistari makosa ya hijai na ya sarufi, kupima msamiati na mtindo, kuona kama maudhui yamejibu swali, kuamua kama kazi ni ya kiwango cha A au imeteleza hadi B, kisha kuandika maneno mawili matatu yatakayomsaidia mwenye daftari.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwalimu ana mikondo mitatu yenye wanafunzi 50 kila mmoja. Anawapa insha moja tu. Akijibana atumie dakika 8 kwa kila insha, atahitaji dakika 1,200, yaani saa 20 kamili. Saa hizo hazimo katika ratiba ya vipindi. Hazimo katika mshahara pia, isipokuwa kwa mtazamo kwamba kila kitu kimo. Zinatoka usiku, zinatoka Jumamosi, zinatoka kwa watoto wake. Ama azipunguze kwa njia ambayo kila mwalimu wa lugha anaijua na hakuna anayeisema hadharani: aache kuzitoa insha. Mwaka unapita mwanafunzi ameandika insha nne badala ya kumi na mbili. Mkuu wa shule halalamiki, wazazi hawajui. Anayejua ni mwalimu mwenyewe, na hapo ndipo ile nguzo ya tatu, ya kujiona hufai, inapoanza kusimama.

Darasa la wanafunzi 50 na zaidi halikuanguka kutoka mbinguni. Tangu 1998 serikali ilikuwa imesitisha ajira mpya za walimu isipokuwa kujaza nafasi za walioondoka. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi takribani milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Lilikuwa jambo jema, na katika ukoo wangu kuna waliosoma kwa sababu yake. Lakini milioni moja na zaidi waliokuja walipokewa na walimu wale wale. Mwaka 2008 mpango wa kugharimia masomo ya shule za upili za kutwa ukalipeleka wimbi hilo mbele.

Yaliyofuata nayataja kwa haraka kwa kuwa wasomaji wameyaishi. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, uliongeza fomu na ushahidi wa kuwasilishwa. Sera ya 2018 ya kuwahamisha walimu kutoka maeneo yao ya nyumbani, ambayo ilianza kulegezwa 2022, iliwatenga wengine na jamaa zao. Korona ilifunga shule Machi 2020, na ziliporejea kikamilifu Januari 2021 kalenda ikabanwa kwa miaka miwili, likizo zikawa za siku chache. Yaani dawa pekee ya uchovu iliyokuwa ya hakika ikakatwa nusu. Shule za sekondari msingi zilipofunguliwa 2023, mwalimu aliyesomea Kiswahili na Historia alijikuta akipewa masomo ambayo hakuwahi kuyasomea, na wengi wa waliopelekwa huko waliingia kama wanagenzi wenye posho, si mshahara. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwatumia hivyo walimu waliohitimu. Bandu bandu.

Majisifu mbele ya mtahini

Sasa tuje katika fasihi, ambamo naona sisi wa somo hili tuna sehemu yetu ya lawama. Kizazi changu kilisoma Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kama kitabu cha kutahiniwa. Kila aliyekisoma anamkumbuka Mwalimu Majisifu. Tuliulizwa sifa zake, nasi tukazitaja kwa haraka kama wanaohesabu vidole: ni mlevi, ni mwenye majivuno, ni mwizi wa kazi za kisanaa. Kila sifa ilikuwa na alama yake, na tulizipata.

Sifa hizo ni za kweli. Mswada alioutolea jina si wake, ni wa Amani, na hakuna uchovu unaouhalalisha wizi huo. Ninachouliza ni kwa nini orodha ilikomea hapo. Majisifu ni mwalimu. Ni ndugu wa Mtemi Nasaba Bora, mtu anayelipwa kwa woga wa raia, ilhali yeye analipwa kwa chaki. Nyumbani ana mkewe Dora na watoto wenye ulemavu, katika jamii isiyowapa msaada wa maana. Ana tamaa ya kuandika na hana kilichobaki ndani yake cha kuandikia. Ukimsoma kwa nguzo zile tatu, utaona mtu aliyekwisha kuvuka zote: nguvu zimemwisha, kazi ameikinai, na kujiona hafai kumekuwa kukubwa kiasi cha kumfanya aazime ufanisi wa mtu mwingine. Hata jina alilopewa, Majisifu, lina mzaha mchungu. Hujisifu nani kama si yule asiyesifiwa?

Usomaji huu unaweza kupingwa. Mhadhiri mmoja nilipomweleza aliniambia kwamba ninamtetea mlevi kwa kanzu ya nadharia, na kwamba Walibora alikusudia dhihaka. Nakubali kuwa dhihaka imo. Lakini dhihaka nzuri humcheka mtu pamoja na dunia iliyomfinyanga, na riwaya hii haifichi dunia hiyo: hospitali, shule, mahakama na ardhi ya Sokomoko vyote vimeshikwa na mkono mmoja. Mwanafunzi anayeandika "Majisifu ni mlevi" ametumia kitenzi cha hali. Hatukumfundisha kuuliza swali la kutendeshwa.

Na mwanafunzi huyo humtazama mwalimu aliye mbele yake kwa jicho lile lile. Akimwona amechelewa, ni mzembe. Akimwona mkali, ana roho mbaya. Miaka minne tumemzoeza kubandika sifa.

Hadithi fupi ya Dumu Kayanda, "Mwalimu Mstaafu", iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, inatufungulia mlango wa pili. Mwalimu Mosi anaagwa kwa sherehe. Wakubwa wapo, hotuba zipo. Ila anayetikisa shughuli ni Jairo, ambaye darasani hakung'aa, na ambaye maneno yake kwa mwalimu wake yana lawama pamoja na shukrani. Wengi huifundisha kama hadithi ya ukarimu wa mwalimu. Mimi naisoma pia kama hadithi ya mfanyakazi ambaye hajui thamani ya kazi yake hadi siku anapoiacha. Fundi seremala hukiona kiti jioni. Mwalimu hungoja miaka thelathini amwone Jairo, na hata hapo hana hakika kama alimjenga au alimdanganya. Katika hali hiyo kujiona hufai si udhaifu wa nafsi. Kumo ndani ya kazi yenyewe, na ndiyo maana neno moja la shukrani kutoka kwa mkuu wa shule, katikati ya muhula, lina uzito ambao sherehe ya kustaafu haiwezi kuufidia.

Jambo moja dogo la kiistilahi limebaki. "Uchovu" ni nomino ya hali, kutokana na choka. "Uchoshi" ni sifa ya kitu kichoshacho, kama mhadhara wa alasiri. Kwa tendo la kumchosha mtu, upande wa anayetendwa, hatuna nomino iliyozoeleka. Ila tumekubali "unyanyaswaji" na "uchapishwaji" bila kelele, na kwa kanuni hiyo hiyo "uchoshwaji" imekaa sawa kabisa. Najua inakwaruza sikio. Wenzangu wawili katika semina ya uzamili waliicheka. Hata "unyanyaswaji" naamini uliwahi kuchekwa. Watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao wanaweza kuijaribu kwa njia rahisi: badala ya kumwomba mwanafunzi wa kidato cha tatu ataje sifa nne za mhusika, wampe swali, "Ni nini kilichomchosha mhusika huyu, nani alinufaika na uchoshwaji huo, na ni wapi katika matini panapoonyesha hivyo?" Alama kumi. Ajibu kwa nathari, bila orodha.